Mlio mmoja wa bunduki watosha kuharibu masikio

Na MWANDISHI WETU

MLIO wa bunduki huisha kabla mtu hajapepesa jicho, lakini madhara yake kwa sikio yaweza kumwandama mwathiriwa hadi kaburini. Aghalabu wanaobeba silaha hulitambua jambo hili wakati maji yamekwisha kumwagika na hayazoleki tena.

Dalili ya kwanza huwa ni ndogo. Baada ya siku ya kulenga shabaha, askari hurudi kambini masikio yakiwa mazito kana kwamba yamejazwa pamba. Usiku, kila mtu akiwa amelala, yeye husikia sauti nyembamba isiyokoma, mithili ya nyenje au birika linalochemka. Asubuhi sauti hiyo hupungua, naye hujiambia kwamba amepona. Miaka kadhaa baadaye huja siku ambapo sauti haiondoki tena.

Hali hiyo ya kusikia mlio ambao hautoki nje ya mwili ndiyo inayoitwa mvumo wa masikio, na madaktari huiita tinitasi. Mara nyingi huandamana na kupungua kwa uwezo wa kusikia. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa kabisa. Hata hivyo, kuna habari mbili njema: mvumo unaotokana na bunduki unaweza kuzuiwa kwa kifaa cha bei nafuu mno, na aliyekwisha kuupata anaweza kufunzwa kuishi nao bila kuharibikiwa na maisha.

Eneo lililozoea bunduki

Suala hili ni la karibu mno kwa wakazi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati. Lanet, viungani mwa jiji la Nakuru, ni makao ya kambi ya jeshi iliyoingia katika historia ya taifa mnamo Januari 24, 1964, wanajeshi walipoasi majuma machache tu baada ya nchi kusherehekea uhuru. Mjini Gilgil kuna kambi nyingine ya jeshi pamoja na kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo. Naivasha kuna gereza kubwa lenye ulinzi mkali na chuo cha mafunzo kuhusu wanyamapori.

Isitoshe, askari wa wanyamapori huwalinda vifaru katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru usiku na mchana, nao walinzi wa misitu hushika doria katika msitu wa Mau. Upande wa kaskazini, ambako kaunti hii inapakana na Baringo na Laikipia, kuna askari wa akiba wa polisi, yaani raia waliokabidhiwa bunduki ili walinde vijiji na mifugo yao. Mnamo Februari 2023 serikali iliwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi kuwakabili majangili katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, zikiwemo Baringo na Laikipia.

Wasiobeba silaha pia hawajasalimika. Wakazi wa mitaa ya Nakuru na Naivasha wanakumbuka Januari 2008, siku za ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, milio ya risasi iliposikika karibu na makazi ya watu. Kuna pia raia wenye leseni ya kumiliki bastola, ambao huenda kulenga shabaha mara chache kwa mwaka na hudhani kwamba uchache huo ni kinga.

Si kinga. Sikio halihesabu miaka ya utumishi, wala halitofautishi kati ya risasi ya adui na ile ya mazoezi.

Sikio linavyoumia

Ili kuelewa hatari hii, yafaa kujua jinsi tunavyosikia. Sauti huingia katika tundu la sikio na kutikisa kiwambo, ngozi nyembamba iliyotandazwa kama ngoma. Mtikisiko huo hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi katika sikio la ndani. Huko kuna koklea, kiungo kilichojaa majimaji na kujipinda mithili ya kombe la konokono.

Ndani ya koklea ya kila sikio kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti inapotikisa majimaji, vinyweleo huinama kama nyasi katika upepo, na seli hizo hupeleka ujumbe kwenye ubongo kupitia neva. Kelele ya kupita kiasi huviinamisha vinyweleo hivyo hadi vikakatika, na seli zikafa. Kishindo kikubwa zaidi chaweza hata kupasua kiwambo.

Seli hizi zikishafa haziwezi kuota tena katika mwili wa binadamu. Ajabu ni kwamba ndege hawana shida hiyo. Mwaka 1988 wanasayansi walibainisha kwamba kuku na kware waliopoteza seli za aina hii baada ya kupigwa na kelele kali waliota nyingine. Kuku anayechakura uani, kwa hivyo, ana masikio yanayojitengeneza, ilhali bwana wake hana. Tangu wakati huo watafiti wanajaribu kugundua jinsi ya kumpa binadamu uwezo huo, lakini hadi sasa hakuna tiba ya namna hiyo hospitalini.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufikia desibeli 60 hivi. Milio ya bunduki nyingi, ziwe bastola au bunduki kubwa kama G3 na AK-47, hufikia kilele cha kati ya desibeli 150 na 165 karibu na sikio la mpigaji. Hata bunduki ndogo ya risasi za milimita 5.6 yaweza kukaribia au kupita 140, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kisizidishwe kwa mtu mzima hata mara moja. Kwa watoto, kiwango kilichopendekezwa ni desibeli 120.

Msomaji asidanganyike akafikiri kwamba tofauti kati ya 140 na 160 ni ndogo. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huongezeka mara 10. Kwa hivyo mlio wa desibeli 160 una nguvu mara 100 kushinda ule wa desibeli 140.

Mwili una kinga yake ya asili. Kelele inapozidi, misuli midogo ndani ya sikio hukaza ili kupunguza mtikisiko. Lakini misuli hiyo huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kilele cha mlio wa bunduki huwa kimekwisha kupita. Ni sawa na kufunga zizi baada ya ng'ombe kuibwa.

Kwa nini wengi hawatambui mapema

Risasi haianzi kwa kuharibu sauti zote. Huanza na sauti nyembamba, hasa zile za mizunguko kati ya 3,000 na 6,000 kwa sekunde. Mwathiriwa huendelea kusikia ngurumo za lori, mlio wa ng'ombe na sauti nzito za wanaume, hivyo huapa kwamba masikio yake ni mazima.

Anachopoteza ni herufi kama s, sh, f na ch. Akiambiwa 'fika' husikia 'shika', na akiambiwa 'soma' husikia 'choma'. Sauti za wanawake na watoto huwa ngumu kwake kuzifuata, hasa katika mkutano, kanisani, msikitini au sokoni ambako watu wengi huzungumza kwa pamoja. Mkewe huanza kulalamika kwamba hasikilizwi, nao watoto hushangaa kwa nini baba hufungulia redio hadi majirani wakasikia. Yeye naye hulaumu watu kwamba siku hizi wananong'ona.

Katika kazi ya ulinzi, kosa la namna hii si mzaha. Askari asiyesikia kuvunjika kwa kijiti kichakani, au anayesikia amri visivyo kwenye redio ya mawasiliano, anajihatarisha yeye na wenzake.

Dalili nyingine ni kwamba masikio mawili hayaumii sawa. Anayepiga bunduki ndefu kwa bega la kulia huegemeza shavu kwenye kitako, na sikio la kulia hupata kivuli cha kichwa na bega. Sikio la kushoto ndilo linaloelekea mtutu, nalo huathirika zaidi. Kwa anayetumia bega la kushoto, mambo huwa kinyume.

Hali ya masikio kuziba na kuvuma kwa saa chache au siku moja mbili baada ya kupiga risasi ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa kuwa hupita, huchukuliwa kuwa jambo la kawaida. Ukweli ni kwamba hiyo ni ishara kuwa sikio limepigwa. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hata pale uwezo wa kusikia unapoonekana umerudi, miunganisho kati ya seli za sikio na neva yaweza kuwa imekwisha kupotea. Kila mara tukio hilo linaporudiwa, akiba ya sikio hupungua.

Kinga iliyo bora

Kuna aina mbili kuu za vikinga masikio. Ya kwanza ni vizibo laini vya sponji vinavyoingizwa ndani ya tundu la sikio. Ya pili ni vifuniko vigumu vinavyovaliwa kichwani na kulifunika sikio zima, kama vile vinavyovaliwa na wafanyakazi wa viwanja vya ndege.

Kizibo cha sponji hufanya kazi tu kikivaliwa ipasavyo, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwanza, nawa mikono. Pili, kisokote kizibo katikati ya vidole mpaka kiwe chembamba na kisicho na mikunjo. Tatu, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha ukiingize kizibo haraka. Nne, kishikilie kwa kidole kwa muda wa nusu dakika hivi mpaka kifutuke na kuziba tundu lote.

Jaribio ni rahisi. Ukizungumza, sauti yako yapaswa kusikika nzito, kana kwamba unasemea ndani ya mtungi. Mwenzako akikutazama kutoka mbele na kuona kizibo kimejitokeza nje, basi hakijaingia.

Tofauti si ndogo. Kizibo kilichovaliwa vyema chaweza kupunguza desibeli zipatazo 30, hivyo mlio wa 160 ukalifikia sikio ukiwa 130. Kizibo kilichodokolewa tu mlangoni mwa sikio chaweza kupunguza 10 pekee, na mlio ukaingia ukiwa 150, juu ya mpaka wa hatari.

Kwa bunduki, wataalamu hushauri vizibo na vifuniko vitumiwe kwa pamoja. Kuvaa vyote viwili hakujumlishi kinga zote mbili, bali huongeza desibeli 5 hivi juu ya kile kilicho bora. Hata hivyo, nyongeza hiyo ni ya maana, na kimoja kikilegea kingine husalia. Vifuniko navyo vivaliwe bila kofia, nywele nyingi au mikono ya miwani kuacha upenyo.

Pamba ya kawaida, karatasi ya msalani, vidole na maganda ya risasi si kinga. Pamba huzuia sauti kidogo mno, nalo ganda la risasi laweza kukwama au kuchubua sikio. Vifaa vya kusikilizia muziki pia havikuundwa kwa kazi hiyo.

Mahali pa kupigia risasi pana umuhimu wake. Mlio huwa mkali zaidi mbele na pembeni mwa mtutu kuliko nyuma, kwa hivyo asiyepiga asisimame sambamba na mtutu wa mwenzake. Kuta, paa la mabati na mwili wa gari huurudisha mlio na kuuongezea nguvu. Kupiga risasi kutoka ndani ya gari au chumba ni hatari mara nyingi kushinda uwanjani. Watazamaji, wakufunzi na wanaookota maganda wote wavae vikinga, kwani mkufunzi husikia risasi za kila mwanafunzi.

Na je, doria? Hapa pana utata wa kweli. Askari anayewafuata majangili katika mabonde ya Baringo hawezi kuziba masikio, kwa kuwa uhai wake unategemea kusikia. Kwa ajili hiyo kuna vizibo vyenye tundu maalumu vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kishindo, na vifuniko vya kielektroniki vyenye maikrofoni ambavyo hukata sauti mara tu mlio mkubwa unapotokea. Vifaa hivyo ni ghali zaidi. Pasipo navyo, askari anaweza kuning'iniza vizibo vya kamba shingoni ili avivae mara fursa inapopatikana.

Hata hivyo, utata huo usiwe kisingizio. Kwa askari wengi, sehemu kubwa ya risasi watakazopiga maishani hupigwa katika uwanja wa mazoezi, mahali ambapo hakuna adui na ambapo kila mlio unajulikana kabla haujatokea. Huko hakuna sababu ya kukosa kinga.

Sheria yasemaje

Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, zilizotangazwa mwaka 2005, zinakataza mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Zinakataza vilevile kilele cha zaidi ya desibeli 140 wakati wowote. Kwa kipimo hicho, mlio wa bunduki usio na kinga unavuka mpaka kwa risasi ya kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda afya ya wafanyakazi wake, nayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inaeleza haki ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Sheria hiyo ya fidia inawahusu pia wafanyakazi wa serikali, lakini haiwahusu wanajeshi, ambao wana utaratibu wao.

Katika madai yoyote ya fidia, ushahidi ndio msingi. Anayeanza kazi ya kubeba silaha yafaa apimwe uwezo wake wa kusikia kabla ya kupiga risasi ya kwanza, kisha apimwe kila mwaka na atunze nakala za matokeo. Kipimo chenyewe hakiumi: mtu huvalishwa vifuniko vya masikioni katika chumba kimya na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Pasipo kipimo cha mwanzo, ni vigumu kuthibitisha kilichopotea na lini.

Nchi nyingine zimejifunza kwa gharama kubwa. Nchini Marekani, mvumo wa masikio ndio unaoongoza miongoni mwa maradhi ambayo wanajeshi wa zamani hulipiwa fidia, na wanaolipwa ni zaidi ya milioni 2. Mnamo Agosti 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 ili kumaliza kesi za wanajeshi waliodai kwamba vizibo ilivyowauzia havikuziba sawasawa, ingawa kampuni hiyo haikukiri kosa. Nchini Uingereza, mwaka huo huo wa 2023, mahakama iliamuru askari mmoja wa zamani wa kikosi cha majini alipwe zaidi ya pauni 700,000 kwa sababu ya masikio yaliyoharibiwa na kelele kazini.

Ukipigwa na mlio

Ikiwa risasi au mlipuko umetokea karibu nawe na masikio yakaziba au kuanza kuvuma, ondoka mara moja penye kelele. Yape masikio mapumziko ya siku kadhaa, bila muziki mkubwa, bila msumeno wa mashine, na bila kurudi uwanjani.

Usitie mafuta ya moto, maji ya kitunguu, wala dawa yoyote ya matone bila kupimwa. Kama kiwambo kimepasuka, vitu hivyo huingia ndani na kuleta usaha. Ukiona damu au majimaji, funika sikio kwa kitambaa safi, usiruhusu maji kuingia unapooga, na uende hospitali. Viwambo vingi vilivyopasuka hujiponya wenyewe kwa muda wa majuma kadhaa vikitunzwa.

Uwezo wa kusikia usiporudi baada ya siku moja, au ukipotea ghafla, usingoje mwisho wa mwezi. Tafuta daktari wa masikio, pua na koo upesi, kwani zipo dawa ambazo daktari huweza kuamua kuzitumia, na matumaini ya kusaidika hupungua kadiri siku zinavyopita. Anayeanzia zahanati ya kijijini aombe barua ya kumpeleka hospitali ya rufaa ya kaunti.

Mvumo ni nini hasa

Kuna wanaoamini kwamba sikio likilia, mtu anasengenywa mahali. Wengine huambiwa kwamba wamerogwa au wameingiliwa na majini, nao hubeba aibu hiyo kimya kimya wakiogopa kuitwa wendawazimu. Mvumo wa masikio si wazimu wala si uchawi.

Wataalamu wengi hueleza kwamba seli za sikio zinapokufa, ubongo hukosa ujumbe uliozoea kuupokea. Katika kuutafuta, ubongo huongeza usikivu wake wenyewe, kama mtu anayefungulia redio isiyoshika kituo. Kinachosikika ni ule mchakacho. Ndiyo maana mvumo huwa mkali penye kimya na usiku.

Wenye hali hii si wachache. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamewahi kuwa na mvumo, na kwamba zaidi ya milioni 120 wanateswa nao vibaya. Mbali na bunduki, husababishwa na kelele za viwandani, uzee, nta iliyoziba sikio, maambukizi na baadhi ya dawa. Miongoni mwa dawa hizo ni kwinini, aspirini kwa kipimo kikubwa, na sindano kama gentamaisini na streptomaisini. Usiache dawa uliyoandikiwa, bali mweleze daktari unachosikia.

Zipo dalili zinazotaka uchunguzi wa haraka: mvumo wa sikio moja tu, mvumo unaodunda pamoja na moyo, kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, au kutosikia kunakotokea ghafla. Pia, yeyote ambaye mvumo umemfikisha mahali pa kutamani kufa asikae peke yake. Amwambie mtu anayemwamini siku hiyo hiyo na aende hospitali.

Kuishi na mvumo

Mtu aliyehamia nyumba iliyo kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Nairobi hawezi kulala juma la kwanza kwa sababu ya malori. Baada ya miezi michache hayasikii tena. Malori hayajapungua. Ubongo wake umeamua kwamba sauti hiyo haina hatari, nao umeacha kuipa nafasi. Hiyo ndiyo njia inayotumiwa kuukabili mvumo.

Kikwazo kikubwa ni hofu. Anayekaa akiusikiliza mvumo, akiupima kila asubuhi na kujiuliza iwapo umezidi, huufundisha ubongo kwamba hapo pana adui. Matibabu yaliyothibitishwa zaidi kwa wanaoteseka ni ushauri wa kitaalamu unaomsaidia mgonjwa kubadili fikra na mienendo yake kuhusu mvumo. Haufanyi sauti itoweke, lakini hupunguza mateso yake. Kwa askari aliyepitia mapigano, ushauri huo una faida maradufu, maana mvumo na kumbukumbu za vita huchocheana.

Penye upungufu wa kusikia, shimesikio, yaani kifaa kinachokuza sauti, huleta nafuu mara mbili. Humrudishia mtu mazungumzo, na kwa kuuletea ubongo sauti za nje hupunguza nguvu ya mvumo.

Nyumbani, epuka kimya kikuu. Wakati wa kulala acha sauti ya chini na tulivu isikike: redio iliyopunguzwa, feni, au sauti ya mvua kwenye simu. Sauti hiyo iwe chini kidogo ya mvumo, isiuzime, ili ubongo uzoee kuwa navyo vyote viwili. Lala na kuamka saa zile zile. Fanya mazoezi, punguza pombe, na utibu shinikizo la damu kama unalo.

Kosa jingine ni kuvaa vizibo mchana kutwa kwa kuogopa kila sauti. Vizibo ni vya uwanja wa risasi, mashine ya kusaga, karakana na matatu zenye muziki wa kupasua vichwa. Kuvivaa sebuleni hulifanya sikio liwe jepesi wa kuudhika, na mvumo huonekana kukua.

Jihadhari na matapeli. Kila soko lina muuzaji wa dawa ya 'kumaliza kelele masikioni'. Madaktari wa masikio wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2014, walishauri dhidi ya kutumia dawa za mitishamba na virutubishi kutibu mvumo unaosumbua, kwani havikuonyesha manufaa. Pesa hizo ni afadhali zitumike kupima masikio.

Familia nayo ina sehemu yake. Mgonjwa asizungumziwe kwa kupigiwa kelele, kwani kelele huumiza zaidi na haiongezi kueleweka. Mtazameni usoni, semeni polepole, na mzime televisheni kwanza. Neno kama "Mzee, nikusogelee upande gani?" lina heshima kuliko "Hata hausikii?"

Kinga ni bora kuliko tiba, wahenga walisema, na katika suala hili kinga ni kipande cha sponji kisichozidi ncha ya kidole. Wakuu wa vikosi wahakikishe kwamba kila anayetia saini ya kupokea bunduki na risasi anapokea pia vizibo, na kwamba hakuna amri ya kufyatua risasi mazoezini kabla masikio ya wote hayajakaguliwa. Askari naye asione haya kuvivaa. Ushujaa hauongezwi na uziwi, na siku atakaporudi nyumbani kwa mapumziko ya uzeeni, kitu atakachotamani kukisikia si bunduki, bali wajukuu wakimwita.